Haya, Siri na Elimu ya Mwali

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius K. Nyerere alipolihutubia Bunge baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Aliitaka Wizara hiyo itafute mila na desturi zilizo bora za makabila yetu yote na kuzifanya ziwe sehemu ya utamaduni wa taifa. Katika agizo hilo neno lenye uzito ni "zilizo bora". Hatukuambiwa tuokote kila kilichoachwa na wazee, wala hatukuambiwa tutupe. Tuliambiwa tuchague, na kuchagua ni kazi ya akili na ya dhamiri.

Katika insha hii twapenda kuipima kwa mizani hiyo desturi ya kumfunza mwali, pamoja na desturi nyingine iliyoiandama kama kivuli, yaani kunyamaza. Swali letu ni hili: je, ni haki kumficha mwanamke aliyeolewa elimu ya mwili wake, ya mimba na ya uzazi, kwa jina la haya? Na ikiwa si haki, elimu hiyo ni yake peke yake, au ni ya mumewe pia, na ya mavyaa wake, na ya ukoo mzima?

Hatulisemi jambo hili kwa kulisoma vitabuni tu. Miaka michache iliyopita binti wa ndugu yetu aliolewa, umri wake miaka 19. Kwa kuwa watu wetu wanatujua kuwa ni watunzi, tuliombwa shairi la harusi, tukalitunga. Tulimfananisha bibi harusi na waridi na mwezi wa kumi na nne, tukamuusia subira na utii, tukashangiliwa. Mwaka haukupita akashika mimba. Alipokuwa katika mwezi wa nane tulikwenda kumjulia hali siku ya Jumamosi. Tulimkuta uso umevimba, kichwa amekifunga kitambaa kwa maumivu, na alipotuamkia, "Shikamoo baba," alitutazama kama mtu asiyetuona sawasawa. Tukauliza, "Mwanangu, una nini?" Kabla hajajibu, mavyaa wake alitueleza kwa heshima kwamba hayo ni mambo ya wanawake, na kwamba mimba ya mtoto wa kiume ndivyo ilivyo. Tukaona haya. Tukanywa chai, tukaaga.

Usiku ule akapatwa na degedege. Mumewe alikuwa safarini, na jamaa wakaona hawawezi kumtoa mke wa mtu nyumbani mpaka mwenyewe apatikane kwa simu. Wengine wakasema ni shetani, akaitwa mtu wa kumfukiza. Alifikishwa hospitali alfajiri. Yeye alipona, mtoto hakupona.

Baadaye tulizungumza na bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa kungwi wake. Hatukumwendea kwa lawama, bali yeye mwenyewe aliyatoa yaliyomkaa moyoni. "Baba," alisema, "mimi nilimfunza nilichofunzwa. Hayo ya kichwa na uvimbe sikufunzwa na mtu." Maneno hayo hayajatuondoka hata leo. Kungwi alifunza alichokijua, na mavyaa alisema alichokijua. Sisi je? Sisi tulipata kusoma hadi sekondari, tumekaa maofisini miaka mingi, tumeona picha za dalili za hatari zilizobandikwa kutani mwa zahanati. Tulihisi kuwa pana jambo, tukanyamaza kwa sababu ya adabu. Kwa hiyo kosa letu lilikuwa kubwa kuliko lao, na insha hii ni sehemu ya kulilipa deni hilo.

Maana ya haya na maana ya siri

Yafaa kwanza tuyatenganishe maneno matatu ambayo watu huyachanganya: haya, siri na ujinga. Haya ni tabia ya mtu kujiheshimu na kumheshimu mwenziwe, asitende wala asiseme la kumvunjia utu. Siri ni jambo linalojulikana na wanaostahili kulijua, likafichwa kwa wasiostahili. Ujinga ni kutojua. Mtu mwenye haya aweza kuwa mjuzi mno. Na mtu asiye na haya aweza kuwa mjinga mno. Basi kukosa elimu si sehemu ya haya hata kidogo.

Hali kadhalika siri. Siri ya unyumba ni jambo jema, kwani humlinda mke na mume dhidi ya midomo ya watu. Lakini siri ina mipaka yake katika maana yake yenyewe: anayestahili kujua lazima ajue. Na ni nani anayestahili kuujua mwili kuliko mwenye mwili? Ikiwa jambo limefichwa hata kwa yule ambaye uhai wake unalitegemea, hiyo si siri tena, ni dhuluma iliyovishwa joho la siri. Dini zetu zatufundisha kwamba mwili ni amana. Aliyepewa amana na asielezwe namna ya kuitunza hawezi kulaumiwa ikipotea. Lawama itawarudia waliojua wakanyamaza.

Wazee hawakunyamaza

Wako wasemao kwamba kuzungumza na wali juu ya mimba na uzazi ni mambo ya kigeni, na kwamba wazee wetu walinyamaza. Hao hawawajui wazee. Makabila mengi ya pwani na kusini, kama vile Wazaramo, Wamakonde na Wayao, yalikuwa na jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, na hizo zilikuwa shule hasa. Msichana alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo na makungwi. Miongoni mwa Wazaramo mwali aliwekwa ndani, pengine kwa miezi mingi, akafundishwa unadhifu wa hedhi, adabu kwa wakubwa na mambo ya ndoa. Alipewa kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, akakitunza kama mtoto, ishara ya uzazi uliotarajiwa kwake. Mafunzo yalitiwa katika nyimbo, ngoma na mafumbo ili yakae kichwani. Huko Unguja marehemu Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwezi wa Aprili 2013, alikuwa mwimbaji mashuhuri na pia mfunzaji wa unyago, wala hakuna aliyemwona kuwa mgeni katika utamaduni wake.

Tukiingia katika maandiko twamkuta Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ambaye katikati ya karne ya 19, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia juu ya dini, adabu, unyumba na unadhifu. Mama huyo aliona kwamba kumwacha binti bila ya maneno ni kumwacha bila ya urithi.

Hata dini hazikunyamaza. Vitabu vya fiqhi vina milango kamili juu ya hedhi, nifasi na josho, na watoto wa madrasa huisoma wakiwa mbele ya walimu wao bila ya kufedheheka. Makanisa nayo hutoa mafundisho ya ndoa kwa wachumba kabla ya kuwafungisha. Kurani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza. Ikiwa kitabu kitakatifu kimetaja titi na miaka ya kunyonya, sisi ni nani hata tuone haya kupita kiasi hicho?

Wazee walijua pia thamani ya kupisha nafasi baina ya mtoto na mtoto. Neno "kubemenda" ni ushahidi. Waliamini kwamba wazazi wakikutana mapema, mtoto anyonyaye hudhoofu na kuharibika. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, kwa maana kukutana kwenyewe hakumdhuru mtoto. Lakini jicho lao liliona kweli: mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa kabla ya wakati na huweza kupatwa na utapiamlo. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hushauri mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua salama kabla ya kushika mimba nyingine. Wazee na wataalamu wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Tofauti ni kwamba leo ziko njia nyingi za uzazi wa majira, na mke na mume waweza kuchagua inayowafaa bila ya kutengana.

Upungufu wa mafunzo ya zamani

Hata hivyo haifai tuwapambe wazee kwa sifa zisizo zao. Mafunzo ya unyago yalikuwa na kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba yalimfunza mwali zaidi namna ya kumpendeza mume kuliko namna ya kujilinda mwenyewe. Alifunzwa kuvumilia maumivu, hata maumivu ambayo hayakupasa kuvumiliwa. Ya pili ni kwamba msichana alihesabiwa kuwa mtu mzima kwa kuvunja ungo tu, akaolewa kabla ya nyonga zake kukomaa. Mimba ikamkuta mtoto; uchungu ukazuia siku mbili au tatu; akapoteza kiumbe, naye akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila ya hiari, akatengwa na wenziwe kana kwamba amefanya dhambi. Leo ugonjwa huo hutibiwa kwa kupasuliwa katika hospitali zetu, lakini kinga yake ni bora kuliko tiba: asiolewe akiwa mtoto, na asicheleweshwe uchungu unapozuia.

Taifa limelijadili jambo hili la umri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, hali mwanamume aliwekewa miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mahakama ilisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo mwili wa msichana ulikuwa ukilisema siku zote.

Mijini, mahali pa unyago pameshikwa na kicheni pati. Hatuidharau shughuli hiyo, kwani wanawake hukutana, huchangiana vyombo na kumtia moyo mwenzao. Lakini mara nyingi mwali hutoka pale akiwa na sufuria nyingi na maneno ya mzaha, na asijue dalili hata moja ya hatari. Zamani makungwi walikuwa na miezi, leo wasemaji wana saa tatu. Na katika saa hizo tatu zaidi ya nusu ni ngoma.

Ni mambo gani basi yafaa ajue? Ajue kwamba kuumwa kichwa kusikokoma, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, na kuumwa sana chini ya chembe ya moyo, huweza kuwa utangulizi wa kifafa cha mimba. Maradhi hayo si shetani. Hutambulikana kwa kupima shinikizo la damu na mkojo, na ipo dawa ya kuzuia degedege lake. Ajue kwamba kutokwa damu, kuvunja chupa kabla ya uchungu, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni, ni mambo yasiyongoja asubuhi. Ajue kwamba kliniki huanzwa mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, na kwamba tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mahudhurio yasiyopungua manane. Na ajue kwamba virusi vya UKIMWI vikigunduliwa mapema na mama akatumia dawa sawasawa, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana.

Si elimu ya mke peke yake

Hapa twafika kwenye sehemu ya pili ya swali letu. Tukimfunza mke peke yake tutakuwa tumemfunza abiria, tukamwacha nahodha na mabaharia wake. Katika nyumba zetu nyingi anayeamua kutoka usiku si mgonjwa. Ni mume, au mavyaa, au baba mkwe. Wataalamu Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kwamba vifo vya uzazi hufuata machelewo matatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Cheleo la pili na la tatu ni la barabara, magari, dawa na waganga, nalo ni jukumu la Serikali. Lakini la kwanza hukaa sebuleni mwetu, na Serikali haiwezi kulitoa kwa amri. Kwa binti yetu, usiku ulikwisha katika cheleo la kwanza.

Tena yako mambo ambayo mume asipoyajua, mke huadhibiwa bila ya hatia. Ni wangapi wamepewa talaka kwa kuzaa wanawake watupu? Na elimu yasema wazi kwamba mbegu ya baba ndiyo ipambanuayo mtoto wa kiume na wa kike. Ni wangapi wameitwa tasa, wakazungushwa kwa waganga, hali mume hajapimwa hata mara moja? Utasa huweza kutoka kwa mume sawa na kwa mke, na mara nyingine huletwa na maradhi ya zinaa yaliyofichwa kwa ajili ya hayo hayo maneno, "naona haya". Tena wako wachumba wawili wazima wa afya ambao kila mmoja amebeba chembe ya selimundu bila ya kujua. Katika kila mimba yao, mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuzaliwa na maradhi hayo. Kupima kabla ya ndoa si kumtilia mtu shaka. Ni kumjali mtoto ambaye bado hajaja.

Mavyaa naye asionwe kuwa adui. Mara nyingi yeye ndiye aliyezaa wengi, akazika baadhi yao, akayabeba hayo bila ya kuelezwa sababu. Ukimweleza sababu, atakuwa wa kwanza kugonga mlango wa jirani mwenye gari.

Hoja za wanaopinga

Wako wasemao kwamba elimu hii itafungua mlango wa uasherati. Twawajibu kuwa twazungumza juu ya walioolewa na jamaa zao. Tena mwenye kujua uzito wa mimba huikaribia kwa heshima zaidi kuliko asiyejua.

Wengine husema kwamba uzazi wa majira ni hila ya wageni ya kutupunguza. Shaka hiyo ina historia yake, wala hatuicheki. Watu waliotawaliwa wana haki ya kuuliza nia ya mtoaji. Lakini chama cha UMATI kimekuwako hapa nchini tangu mwaka 1959, kabla ya Uhuru, na kabla yake lilikuwako neno kubemenda. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, alipokuwa akiutangaza Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kwamba katika kuzaa binadamu ni sawa na wanyama, ila malezi na mafunzo ya watoto ndiyo yanayomtenga. Idadi ya watoto ni ya mke na mume kuamua. Hatudai wazae wachache wala wengi. Twadai waamue kwa kujua, na mama abaki hai awalee.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaosema, "Hayo ni ya Mungu." Ni kweli uhai ni wa Mungu. Lakini takwimu za taifa letu zilionyesha kwamba katika utafiti wa mwaka 2015/16 kina mama 556 walikufa kwa kila vizazi hai 100,000, na katika ule wa mwaka 2022 idadi ilikuwa 104. Mungu hakubadilika kati ya miaka hiyo. Walichobadili ni binadamu: mwendo wao, zahanati zao na maarifa yao. Na kila mmoja katika hao 104 alikuwa na jina, na pengine shairi la harusi.

Hitimisho

Jawabu letu basi ni hili. Haya ni pambo la utu na hatutaki litupwe. Lakini haya iko katika namna ya kusema, si katika kuacha kusema. Kungwi aketi na mkunga wa zahanati, ampe fumbo na wimbo, naye apewe dalili na kipimo. Kila mmoja ana kitu ambacho mwenziwe hana. Wazee wa kiume wawaketishe wana wao wanaooa, wasiwaambie tu kwamba ndoa ni kuvumiliana. Na sisi watunzi tuache kumsifu mwali kwa waridi peke yake.

Binti yetu amejaliwa mtoto mwingine sasa. Safari hii mumewe alimsindikiza kliniki, na mavyaa wake ndiye aliyeweka akiba ya nauli chini ya mtungi. Tulipoombwa shairi la arobaini hatukutunga la sifa. Tuliwapa ubeti mmoja huu, nao wakaubandika ukutani:

Mwali tumpe maono, maarifa ya kufaa,
Si hina tu ya mkono, wala kanga za kuvaa,
Na mume awe mfano, mavyaa awe ni taa,
Haya si kuficha neno, mtu akaangamia.